Aliyelala Chini Kwenye Picha

Hotuba ya kocha mstaafu mbele ya mabondia chipukizi, wazazi na majirani, Ukumbi wa Tononoka, Mombasa, usiku wa mwisho wa mashindano ya vijana

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu mliokaa safu ya mbele, mama zangu, makocha wenzangu, na nyinyi wanangu ambao bado mna bendeji mikononi, nawashukuru kwa kubaki. Najua wengine wenu mna feri ya kuwahi, na wengine mna kazi ya alfajiri pale Kongowea. Zawadi zipo, zitatolewa. Nipeni muda kidogo.

Nianze na picha. Ingia ukumbi wowote wa ndondi hapa kwetu, uwe Majengo, uwe Likoni, uwe Changamwe, huikosi ukutani, mara nyingine imeliwa na unyevu wa bahari hadi rangi imekimbia. Muhammad Ali amesimama. Mkono wa kulia ameukunja mbele ya kifua, misuli imetuna, mdomo u wazi, anamfokea mtu aliyelala chali miguuni pake. Picha hiyo ilipigwa tarehe 25 Mei 1965, katika mji mdogo wa Lewiston, jimbo la Maine huko Marekani. Aliyeipiga ni kijana wa miaka 22, Neil Leifer.

Wiki iliyopita nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa akiruka kamba chini ya picha hiyo: aliyesimama ni nani? Alinijibu kabla sijamaliza swali. Nikamuuliza, na aliyelala? Akaitazama, akaitazama tena, kisha akasema, "Huyo ni yule aliyepigwa, kocha."

Ana jina. Ni Charles Liston, na dunia ilimjua kama Sonny. Miezi 15 tu kabla ya picha hiyo alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, na waliokuwa tayari kukutana naye ulingoni walikuwa wa kuhesabu. Usiku huu nataka nimwinue pale chini niwaambie alikotoka, kwa sababu nikizungusha macho humu ukumbini nawaona wenzake wengi.

Sisi watu wa Pwani tulimpenda Ali kama wa kwetu. Aliposilimu na kulitupa jina la Cassius Clay, wazee wetu walimwona mtoto wa nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa kuli wa Kilindini. Alinihadithia pambano lile barazani baada ya Isha namna watoto wanavyohadithiwa visa vya shujaa na jini, na jini alikuwa Liston. Nilikua nikiamini hivyo. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipopata majarida makuukuu yaliyoachwa na mabaharia bandarini, nikaanza kusoma kwa taabu, kamusi mkononi, ndipo nikagundua kwamba jini lile lilizaliwa na mama, likalia, likalala na njaa.

Na kwenye picha ile kuna jambo hulioni mpaka uonyeshwe. Katikati ya miguu ya Ali, upande wa pili wa ulingo, yuko mpiga picha mwengine, mtu mzima, mzoefu kuliko Leifer. Anaitwa Herb Scharfman. Kamera anayo, ila mbele yake pana mgongo wa Ali tu. Watu wawili, pambano moja, sekunde moja. Mmoja ameondoka na picha ambayo dunia nzima inaijua, mwengine ameondoka na mgongo. Kwa Liston sisi sote tumekaa upande mmoja miaka yote hii. Hebu tuhamie upande wa pili.

Alizaliwa Arkansas, kusini mwa Marekani, mahali paitwapo Sand Slough. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Yeye mwenyewe alitaja mwaka 1932, lakini waliozichunguza habari zake wanaamini ni mapema zaidi. Ilikuwa nchi ya pamba, na kila gunia la pamba liliandikwa uzito wake na bei yake, lakini siku aliyozaliwa mtoto huyu haikuandikwa. Babake, Tobe Liston, alilima shamba la watu kwa kugawana mavuno, na alikuwa na watoto 25. Sonny alikuwa wa 24. Alichapwa na babake tangu utotoni, na makovu yake yalionekana mgongoni hata alipokuwa bingwa, miaka mingi baadaye. Niliposoma hapo niliweka jarida chini nikatoka nje. Mkono wangu nao umewahi kumchapa mtoto kwa mkanda, nikidhani namfunza.

Mamake alihamia mji wa St. Louis kutafuta kazi, akamwacha. Inasimuliwa kwamba mtoto aliamka siku moja, akautikisa mti wa shemeji yake, akaokota njugu zake, akaenda kuziuza mjini apate nauli. Alidhani St. Louis ni kama kijiji chao, ukifika unamuuliza mtu, "Mama yangu anakaa wapi?" nawe unaonyeshwa nyumba. Alifika mji wenye mamia ya maelfu ya watu. Baada ya kuhangaika alimpata. Wangapi humu waliwahi kushuka Mwembe Tayari kutoka bara au kutoka Kwale na Kilifi, na kikaratasi cha namba ya simu ambayo haipokelewi? Basi mmeshamjua.

Alijaribu shule. Alikuwa na mwili wa mwanamume na hajui herufi, akaketi na watoto wadogo, wakamcheka. Akaacha. Jambo hilo litarudi mbele, liwekeni akilini.

Kisha akaanza kuiba. Yeye na wenzake walivamia vituo vya mafuta na mikahawa, naye alivaa shati lile lile la njano kila mara hadi polisi wakamtambua kwa shati. Mwaka 1950 alihukumiwa miaka 5, akapelekwa gereza kuu la Missouri. Alikuja kusema kwamba gerezani hakuwa na malalamiko, kwa sababu alikula mara tatu kwa siku. Naomba akina baba mlisikie hilo vizuri. Mtoto aliyeona gereza ni afadhali kwa ajili ya chakula, ametoka nyumba ya namna gani? Na vijana mliopitia gereza letu la Shimo la Tewa, mkisikia maneno hayo hamna haja ya kufafanuliwa.

Gerezani alikuwako padri, Alois Stevens, aliyesimamia michezo. Alimwona kijana huyu mwenye mikono mirefu kupita kiasi na ngumi kubwa kama fuu la nazi, akamvisha glavu. Baadaye akaletewa bondia wa kulipwa kutoka nje, Thurman Wilson, wapimane nguvu. Raundi mbili tu, na Wilson akaomba atolewe ulingoni. Padri yule akamhangaikia, na mwishoni mwa Oktoba 1952 Liston akaachiliwa kwa masharti. Mwaka uliofuata, akiwa bado bondia wa ridhaa, alimshinda Ed Sanders, aliyekuwa ametoka kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Mtu mmoja alimtazama na kuona kitu. Nakiri kwamba sehemu hii huisoma mara nyingi kuliko nyingine zote, maana mimi pia nilishikwa mkono na mzee mmoja nikiwa na miaka 14, nanuka gundi. Lau yeye hakunishika, leo mngekuwa mnamsikiliza mtu mwengine.

Lakini padri alimfungulia mlango wa gereza tu. Nje walikuwa wakimsubiri wengine. Ndondi za Marekani wakati ule zilikuwa mikononi mwa genge la wahalifu. Jambazi mmoja wa St. Louis, John Vitale, alimpa Liston kazi na kumshika. Juu ya Vitale walikuwako Blinky Palermo na Frankie Carbo, na Carbo alikuwa na historia ya mauaji. Mkataba wa Liston uligawanywa baina yao kama papa aliyepasuliwa ufukweni, na sehemu kubwa ikaenda kwa Carbo. Desemba 1960 kamati ya Baraza la Seneti chini ya Estes Kefauver ilimwita Liston aeleze nani wanammiliki. Mbele ya wanasiasa na waandishi wa habari, mwanamume huyu ambaye mabondia wenziwe walimkwepa alilazimika kukiri kwamba hajui kusoma.

Ile aibu ya shuleni ikamrudia siku ile.

Wanangu, nisikilizeni hapa. Nilipokuwa na miaka 23 nilipelekewa karatasi za pambano la Nairobi. Tulisimama kando ya gari, karatasi ikawekwa juu ya boneti, jua kali, nikaonyeshwa kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Kiingereza changu kilikuwa cha salamu tu. Niliona aibu kusema sielewi. Nikatia sahihi. Nikapigana raundi nane, nikashinda, na kilichoingia mkononi mwangu hakikutosha nauli ya kurudi. Nililipiwa na abiria niliyemkuta stendi. Promota simtaji jina, keshatangulia mbele ya haki. Miaka yote nilimlaumu yeye, na alistahili. Lakini aibu yangu ndiyo iliyoishika ile kalamu. Laiti ningesema "nisomee", mambo yangekuwa mengine.

Sitaki kumsafisha Liston. Mwaka 1956 aligombana na polisi, akampiga, akamvunja goti na kumnyang'anya bunduki, akafungwa tena, na akafungiwa ndondi kwa muda. Alikuwa na ghadhabu, na watu waliumia kwa ghadhabu yake. Kijana aliyeko hapa akiumiza mtu huko mtaani kisha aje kwangu aniambie maisha yalikuwa magumu, nitamsikiliza, halafu nitampeleka mwenyewe kwa yule aliyemuumiza. Lakini ni kweli pia kwamba polisi wa St. Louis walimwandama hadi akahama mji, akaenda Philadelphia, na huko nako akawa anakamatwa kwa vijisababu. Ukishaitwa mwizi, hata ukisimama kwenye kituo cha basi unaonekana unasubiri kuiba. Vijana wa Kisauni wanalijua hili. Wamebandikwa jina la panga, na wengi wao hawajawahi kushika panga isipokuwa kukatia madafu.

Sasa nifike ninapopataka.

Bingwa wa uzito wa juu alikuwa Floyd Patterson, mtu mpole, mwenye adabu, kipenzi cha nchi. Liston aliwaangusha wapinzani mmoja baada ya mwengine, Cleveland Williams mara mbili, Zora Folley na wengineo, hata pakawa hapana mtu mwengine wa kupigana na Patterson. Lakini viongozi wa kupigania haki za watu weusi hawakumtaka, wakiogopa atawaaibisha. Inasimuliwa kwamba hata Rais Kennedy alimwambia Patterson atafute mpinzani mwengine. Jimbo la New York lilimnyima leseni. Patterson mwenyewe, nampa heshima yake, ndiye aliyesema mtu huyu anastahili nafasi.

Wakakutana Chicago, uwanja wa Comiskey Park, tarehe 25 Septemba 1962. Dakika 2 na sekunde 6. Patterson alikuwa chini, na mtoto wa Sand Slough asiye na siku ya kuzaliwa alikuwa bingwa wa dunia.

Kesho yake alipanda ndege kurudi Philadelphia. Ndani ya ndege alikaa na mwandishi wa habari wa mji ule, Jack McKinney, aliyekuwa rafiki yake, na njia nzima alikuwa akimsomea kwa moyo maneno atakayowaambia watu watakaompokea. Fikirini: mtu asiyejua kusoma, anaipanga hotuba kichwani. Alitaka kuwaambia kwamba atakuwa bingwa mwenye heshima, kwamba anajua hawampendi na ataubadilisha moyo wao. Alitaka kumtaja Joe Louis, bingwa aliyempenda, na kusema atafuata nyayo zake. Alikuwa akiijaribu sentensi, anaiacha, anaiunda nyingine.

Ndege ikatua. Mlango ukafunguliwa. Liston akatoka juu ya ngazi, kofia kichwani, akainyoosha tai yake, akatazama chini.

Hapakuwa na watu. Walikuwako wafanyakazi wa uwanja na waandishi wachache. Meya hakuja. Hapakuwa na bendi wala mtoto aliyeshika bendera. McKinney alisimulia kwamba aliyaona mabega yake yakishuka, na uso wake ukafunga. Ile hotuba hakuitoa. Alishuka ngazi kimya.

Sisi watu wa Mombasa tunajua mapokezi ni nini. Mtu akirudi kutoka Makka, mtaa mzima unatoka. Bibi arusi akiletwa, vigelegele vinasikika hadi ng'ambo ya pili. Timu ikirudi na kombe, matatu zinapiga honi kutoka Miritini hadi Posta. Tunajua. Sasa jiulizeni ni nani tuliowahi kuwanyima mapokezi hayo kwa sababu tu ya mtaa waliotoka au kosa walilofanya wakiwa na miaka 18.

Liston hakukaa sana Philadelphia. Alihamia Denver, akasema ni bora kuwa nguzo ya taa Denver kuliko kuwa meya wa Philadelphia. Watu huyarudia maneno hayo kama mzaha. Mimi nayasikia kama maneno ya mtu aliyesimama juu ya ngazi ya ndege.

Mapambano yaliyofuata mnayajua. Julai 1963 alimwangusha Patterson tena, raundi ya kwanza tena, mjini Las Vegas. Tarehe 25 Februari 1964, Miami Beach, alikutana na kijana wa miaka 22 ambaye wakati huo bado aliitwa Cassius Clay. Raundi sita zikaisha, kengele ya saba ikalia, na Liston akabaki ameketi kwenye kigoda, akisema bega lake la kushoto limeharibika. Madaktari walilikagua wakathibitisha kweli kuna jeraha. Kisha Lewiston, ukumbi wa vijana wenye watazamaji 2,434 tu, raundi ya kwanza, konde la kulia ambalo wengi hawakuliona, refa Jersey Joe Walcott akachanganyikiwa na hesabu, na picha ikapigwa. Mpaka leo watu wanabishana: lilimpata, halikumpata, aliuza pambano, aliogopa. Mimi nimekaa kona za ulingo zaidi ya miaka 30, nimeona konde fupi kuliko lile likimlaza mtu dakika nzima, na nimeona pia mtu akilala kwa hiari yake. Siwezi kuapa juu ya moyo wa mtu. Wahenga walisema aliyeko juu mngojee chini, na Marekani ilikuwa imekaa inamngojea tangu siku ya kwanza.

Aliendelea kupigana. Alikwenda Uswidi, akashinda mapambano yake huko, na yeye na mkewe Geraldine wakamchukua mtoto wa kiume kutoka nchi ile wakamlea. Waliomfahamu karibu husema kwamba mbele ya watoto alikuwa mtu mwengine kabisa, mpole, mwenye mchezo. Watoto hawakuwa wamesoma magazeti. Pambano lake la mwisho lilikuwa Juni 1970, Jersey City, na Chuck Wepner. Uso wa Wepner ulishonwa nyuzi zaidi ya 70.

Tarehe 5 Januari 1971 Geraldine alirudi nyumbani Las Vegas kutoka kwa mamake. Alikuta magazeti na chupa za maziwa zimerundikana mlangoni. Ndani alimkuta mumewe amekufa, ameanguka kando ya kitanda, na siku zilikuwa zimepita. Daktari aliandika kwamba mapafu yalijaa na moyo ulishindwa. Polisi walikuta heroini ndani ya nyumba, na mwilini mwake paligunduliwa masalio ya dawa za aina hiyo. Rafiki zake waliapa kwamba aliogopa sindano kuliko kitu chochote duniani, na wengine wanaamini aliuawa. Haikujulikana, na haitajulikana.

Heroini. Hapa kwetu tunaiita unga, na hamna nyumba humu isiyojua kilio chake. Nilikuwa na mwenzangu wa mazoezi, mimi nikimfunga bendeji yeye, na yeye akinifunga mimi. Alikuwa na mkono wa kushoto mwepesi sijapata kuuona mwengine. Alipopigwa mara mbili mfululizo, watu waliokuwa wakimbeba mabegani wakawa wanavuka barabara wakimwona. Miaka ya 1990 nilimkuta amelala kwenye kibaraza Mji wa Kale, mchana, mikono ile imekonda kama ufito. Alinitambua. Aliinua ngumi kidogo, ile ishara yetu ya kuanza raundi. Nilimpa shilingi mia nikaondoka, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Sikumbuki haraka ya nini. Miezi michache baadaye tulimzika. Wakati ule hatukuwa na pa kumpeleka. Leo pale Kisauni kuna kliniki inayotoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, na vijana niliowafahamu kama mateja nawaona wanakwenda kazini. Mama mwenye mtoto kwenye unga, usimfiche kwa aibu. Nifuate baada ya shughuli hii, nitakwenda nawe.

Las Vegas ule ule ndio uliotuchukulia Robert Wangila Napunyi. Oktoba 1988, Seoul, fainali ya Olimpiki, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili, na hadi ninavyozungumza yeye ndiye Mkenya pekee aliyewahi kuleta dhahabu ya ndondi ya Olimpiki nyumbani. Tulikuwa tumebanana kwenye redio moja, na mtu mzima mmoja alilia kama mtoto. Baadaye Wangila akaenda kupigana kwa malipo Marekani. Tarehe 22 Julai 1994 alipigana na David Gonzales. Refa akalisimamisha pambano, naye akalalamika kwamba yuko sawa, aachwe aendelee. Alitembea kwa miguu yake hadi chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu. Alipasuliwa kuondoa damu iliyovilia kichwani. Tarehe 24 akafariki, akiwa na miaka 26. Kwa hiyo nyinyi mliopigana usiku huu, kichwa kikikuuma ukifika nyumbani, ukitapika, ukiona usingizi usio wa kawaida, sema. Mwambie mama, nipigie simu, hata iwe saa tisa za usiku. Na makocha wenzangu, refa akisimamisha pambano, mshukuruni. Msimtukane.

Nimeongea na wenzangu wanaosimamia ukumbi wetu wa mazoezi. Kuanzia wiki ijayo, Jumanne na Alhamisi, kabla ya glavu tutakuwa na nusu saa ya kusoma. Amepatikana mwalimu mstaafu, bibi yetu aliyefundisha hapa mjini miaka mingi, amekubali bila malipo. Tutasoma magazeti, tutasoma mikataba ya kweli, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kijana asiyejua herufi atakaa na mimi pembeni, na atakayemcheka ataning'inizia glavu zake kwa mwezi mmoja. Na pasiwe na bondia wa hapa atakayetia sahihi karatasi akiwa peke yake. Atakuja na mzazi, au na mimi, au na yule bibi.

Kaburi la Liston liko Las Vegas, mahali ndege zinapopita chini zikienda kutua. Juu yake pana kibao kidogo chenye jina lake, miaka yake, na maneno mawili ya Kiingereza, "A Man". Ukiyatia kwenye lugha yetu unaweza kusema "Mwanamume". Mimi huyasoma "Mtu". Nimeandika jina lake kwa kalamu nyeusi chini ya picha ya ukumbini kwetu, upande wa aliyelala, na nawaomba makocha wengine mfanye vivyo hivyo kwenye kumbi zenu.

Jambo la mwisho, nalo ni la kesho. Mnamjua kijana wetu wa Majengo aliyekwenda Nairobi wiki hii. Wengi wenu mlimchangia nauli. Juzi alipigwa raundi ya pili, na najua mmeshaiona ile video kwenye simu, na najua maneno yaliyoandikwa chini yake. Amepanda basi la usiku, sasa hivi yuko njiani. Mamake yumo humu ndani, sitamnyanyua. Basi linaingia Mwembe Tayari saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua. Mimi nitakuwa pale, nimeomba vijana wawili waje na ngoma, na mama mmoja wa mtaani kwetu ameahidi mahamri na chai ya tangawizi. Anayeweza kuamka, tukutane mbele ya stendi, upande wa msikitini. Tafadhali njooni mapema, mlango wa basi usije ukafunguliwa kabla hatujafika.